Mafunzo Niliyopata Nikihangaika na Mambo ya Mtaa

Wewe unayejipanga kugombea uenyekiti wa mtaa, au udiwani kabisa, au unayetaka tu taka ziondoke mbele ya mlango wako, haya ni yako. Mimi ni fundi cherehani. Nimeshona Mwanjelwa, Mbeya, sehemu kubwa ya maisha yangu, nikawa mjumbe wa kamati ya mtaa, kisha mwenyekiti kuanzia uchaguzi wa Desemba 2014 hadi ule wa Novemba 2019. Sasa naishi Kihesa, Iringa, kwa binti yangu, na nina muda wa kutosha wa kukumbuka nilivyoboronga. Mtaa niliouongoza sitautaja. Wenyewe wapo, na kumbukumbu zao ni nzuri kuliko zangu.

1. Uliza kwanza barabara ni ya nani

Msimu mmoja wa mvua maji yalizoa kalavati ya njia yetu, watoto wakawa wanavushwa mgongoni kwenda shule. Nikakusanya wazee, nikavaa koti langu la harusini, tukaenda nyumbani kwa diwani. Nikahutubia, na nilihutubia vizuri. Diwani akanisikiliza hadi mwisho, akaagiza chai, kisha akasema kwa upole, "Mwenyekiti, barabara hii haiko kwetu tena."

Tulikuwa tumeshavuka 2017, mwaka ilipoanzishwa TARURA na barabara zilizokuwa mikononi mwa halmashauri zikahamia huko. Nilikuwa nimelisikia jina hilo redioni nikadhani ni mradi wa mahali pengine. Ila kutojua kwangu hakukunishangaza sana. Nilishangaa kwamba hata diwani, mtu aliyepigiwa kura kwa ahadi ya barabara, ilimbidi aandike barua ya kuomba kama mimi.

Tangu siku hiyo, mtu akiniletea kero namuuliza mlango kabla ya kumuuliza uchungu. Ile barabara kuu ya kwenda Tunduma inayokatiza jiji kuanzia Uyole ni ya TANROADS. Njia za mitaani ni TARURA. Maji yana mamlaka yake, Mbeya wana yao na Iringa tuna IRUWASA. Kodi ya jengo tangu 2021 inakatwa kwenye LUKU, lakini watu bado wanamwendea mtendaji wa mtaa wakitaka risiti. Halmashauri inabaki na taka, masoko, stendi, machinjio, shule za msingi na sekondari, zahanati na vituo vya afya. Hayo si machache. Ila ukimpigia kelele asiye na mamlaka, utarudi nyumbani umechoka na yeye atabaki amekasirika.

2. Mdomo haupelekwi kwenye kikao cha kata

Somo hili nimelipata kwa awamu mbili, maana ya kwanza haikuniingia.

Soko la Mwanjelwa liliungua Desemba 2006. Cherehani zangu zilikuwamo, na vitambaa vya watu vya sikukuu. Tulipoanza kuandikishwa tuliokuwa na vibanda, niliulizwa risiti za ushuru. Nilikuwa nalipa, tena bila kukwepa. Risiti nilikuwa nazitumia kuchorea vipimo vya wateja, kifua huku, kiuno kule, kisha natupa. Jirani yangu, mama muuza mitumba ambaye nilikuwa namcheka kwa kutunza kila kikaratasi kwenye mfuko wa khanga, alisimama mstarini akiwa hana wasiwasi hata kidogo. Mimi nilisimama nyuma yake nikitafuta mashahidi.

Ungedhani nimejifunza. Miaka ikapita, nikawa mwenyekiti, tukaitisha mkutano wa hadhara kuhusu kizimba cha taka kilichokuwa karibu mno na kisima. Mtendaji wa mtaa, ambaye ndiye katibu wa vikao vyetu, alikuwa likizo. Nikasema tusimsubiri, wananchi wamejaa, hasira ipo, tuendelee. Tukakubaliana wote kwa kunyoosha mikono na makofi juu. Nikaenda kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata nikiwa na kifua mbele. Mwenyekiti wa kamati ile ni diwani, na katibu wake ni mtendaji wa kata. Huyo mtendaji akaniuliza maswali mafupi tu. Muhtasari uko wapi? Orodha ya mahudhurio na saini? Mlijadili ajenda ipi, na azimio linasemaje?

Nikajibu, "Watu walikuwa wengi sana."

Alicheka mpaka akavua miwani. Wala hakuwa na nia mbaya. Akanieleza kwamba suala la mtaa likifika kwake bila muhtasari, yeye hawezi kuliingiza kwenye taarifa ya kata. Lisipokuwamo kwenye taarifa ya kata, wataalamu wa halmashauri hawalioni. Wasipoliona, kamati za madiwani hazilijadili. Kwa hiyo umati wangu wote ule, kwa upande wa halmashauri, haukuwahi kukutana.

Tuliurudia mkutano, safari hii watu wakiwa nusu na mvua ikinyesha, lakini mtendaji akiandika. Ule ndio uliohamisha kizimba. Kijana wangu, ukiwa na jirani mwenye mwandiko mzuri na subira, mthamini kuliko msemaji hodari. Wasemaji tunao tele Mbeya.

3. Kuna msimu wa kuomba

Mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai 1. Nilijua hilo kama ninavyojua tarehe ya Muungano, bila kulifanyia kazi. Mwezi Mei, nikiwa na wazazi wenye madai ya haki kabisa, nilipeleka ombi la darasa. Ofisa mipango akanitazama kama mimi ninavyomtazama mteja anayeleta kitambaa cha suti mkesha wa Krismasi.

Kufikia Mei, bajeti ya halmashauri imeshapita kwenye kata, imeshapita kwa madiwani, imeshapita mkoani, na Bunge limekaa Dodoma tangu Aprili kuijadili. Vipaumbele vya mtaa vinatakiwa viwe vimeandikwa mwishoni mwa mwaka uliotangulia, wakati watu wanawaza mbegu, mbolea na ada za Januari. Ndiyo maana vikao vya kupanga huwa vitupu, na vya kulalamika hujaa.

Nenda pia ukakae kwenye Baraza la Madiwani. Mikutano yake iko wazi kwa wananchi. Huruhusiwi kuchangia, lakini hukatazwi kusikiliza. Siku niliyokwenda mara ya kwanza nilitegemea ngumi za maneno. Nikakuta mambo mengi yanapita haraka, maana ubishi ulikuwa umeshamalizikia kwenye kamati, hasa ile ya fedha. Basi, diwani anayefaa kuombwa ni yule aliye kwenye kamati inayohusika, na wakati wa kumwomba ni kabla ya kikao.

Na usione baraza hilo ni kitu cha kudumu tu kama mlima Loleza. Nilikuwa mtoto serikali za mitaa zilipofutwa 1972, mambo ya miji yakaendeshwa na maofisa wa mkoa na wilaya. Halmashauri za miji zilirudishwa 1978 baada ya huduma kuzorota vibaya, na sheria tunazozitumia hadi leo zikatungwa 1982. Watu wazima wa wakati ule waliishi miaka bila diwani wa kumlaumu. Sisi tunaye, basi tumlaumu kwa mpangilio.

4. Mteja hafuati soko

Hapa nitakawia kidogo, maana niliamini kinyume chake kwa muda mrefu.

Mwaka 2011 nilikuwa mmoja wa wenye vibanda tuliotaka machinga waondolewe kandokando ya barabara pale Mwanjelwa. Sisi tunalipa ushuru, wao wanatandika turubai mbele yetu na kumnasa mteja kabla hajatufikia. Niliona ni haki tupu. Novemba 11 mwaka huo vijana na askari wakakabiliana, matairi yakachomwa, barabara kuu ikafungwa, mabomu ya machozi yakarindima. Hali haikutulia hata kesho yake. Mbunge wetu wa wakati huo, Joseph Mbilinyi, ambaye vijana walimjua kama Sugu tangu enzi za muziki, ndiye aliyezungumza nao.

Nilikuwa nimejifungia dukani nikichungulia. Kati ya waliokuwa wanarusha mawe nilimtambua kijana niliyemfundisha kushona. Alinikimbia kwa sababu nilikuwa simlipi hadi amalize mafunzo, naye alikuwa na mtoto. Turubai lake la soksi lilikuwa ndiyo karakana niliyoshindwa kumpa.

Baadaye alinieleza jambo ambalo sikulipata kwenye kikao chochote. Daladala inashusha watu pale, hapa wanakatiza kwa miguu, na mtu mwenye shilingi elfu mbili hawezi kuingia ndani ya soko kutafuta soksi. Ananunua anapopita. Ukimhamishia machinga mahali pazuri, penye paa na choo, pasipo na kituo cha daladala, umempa kivuli cha kulalia. Na mwenye kibanda naye anahitaji miguu hiyohiyo. Tulikuwa tunagombania wapita njia, tukidhani tunagombania sheria.

Iringa nimeliona tena jambo hili, stendi kuu ya mabasi ilipoondolewa katikati ya mji na kupelekwa Igumbilo. Mji ulipata nafasi ya kupumua, hilo silibishi. Lakini mama ntilie wa stendi ya zamani aliyekuwa akihudumia wasafiri wa alfajiri alipoteza saa zake nzuri, na mwenye bajaji akapata nauli ambayo haikuwapo jana. Kwa hiyo ukisikia mpango wa kuhamisha kitu chochote, iwe soko, stendi au gulio, swali la kupeleka kikaoni lisiishie kwenye ramani ya eneo jipya. Uliza gari za abiria zitapita wapi, kuanzia lini, na nani amezungumza na madereva. Nimeona maswali hayo yakiahirisha uamuzi mbaya bila hata mtu kupandisha sauti.

Hata vile vitambulisho vya machinga vya shilingi 20,000, vilivyotolewa na serikali mwishoni mwa 2018, viliwapa wafanyabiashara wadogo heshima fulani mbele ya mgambo. Wateja havikuwaletea.

5. Hela ya watu isilale kwako

Hili ni fupi kwa sababu bado linaniuma. Michango ya ulinzi shirikishi niliitunza kwenye kopo la biskuti juu ya kabati. Wiki moja mwanangu akahitaji nauli ya shule, mke wangu akachukua humo, akiamini ni hela za cherehani. Tulizirudisha. Lakini kwa siku zile chache nilikuwa mwenyekiti aliyekula michango, na kama mtu angeomba hesabu nisingekuwa na la kusema.

Weka akaunti, kata risiti, bandika mapato na matumizi mahali watu wanaposubiri maji. Na ile desturi ya kumpa mwenyekiti asilimia kadhaa mtu anapouza kiwanja, ikatae mapema, hadharani. Sijawahi kuonyeshwa kifungu cha sheria kinachoiruhusu. Uenyekiti hauna mshahara, utatamani. Ndiyo maana nasema mapema.

6. Ukihamia kwa watu, kuwa jirani kabla ya kuwa mshauri

Nilipofika Kihesa nilikuwa bado nina uenyekiti mdomoni. Mkutano wa kwanza wa mtaa nikasimama, nikawaeleza wanyalukolo, wenyeji wa Iringa, namna Mbeya tulivyofanya kuhusu taka. Nilikuwa nimeshajifunza salamu yao ya "Kamwene" tu, nikaona inatosha. Bibi mmoja aliyekaa mbele akageuka, akanitazama kwa utulivu, akauliza, "Baba, wewe ni mpangaji wa nani?"

Watu hawakucheka, na hilo ndilo lililonikata zaidi. Walikuwa wanasubiri jibu.

Kesho yake nilikwenda kujiandikisha kwenye daftari la wakazi, jambo ambalo nilikuwa nikiwahimiza wengine kwa sauti kubwa. Nikaanza kwenda misibani, nikatoa rambirambi, nikachimba mfereji siku ya usafi pamoja na vijana. Mkutano wa baadaye sikusema kitu. Mtendaji alipotafuta mtu wa kumsaidia kuandika mahudhurio, bibi yuleyule akasema, "Mpe huyu baba wa Mbeya, anajua kuandika." Kazi hiyo ninayo hadi leo, na kero zetu zinafika kwenye kata zikiwa na saini.

7. Jiandae kukabidhi tangu siku unayopokea

Nilipomaliza muda wangu 2019, aliyenirithi alikuja kwangu na mtendaji, amebeba daftari jipya. Akataka orodha ya mambo yasiyoisha, barua tulizopeleka na majibu tuliyopata, na mipaka ya maeneo ya wazi ya mtaa kabla hayajageuka viwanja vya watu. Mengi nilikuwa nayo kichwani. Tulikaa hadi jioni, mimi nikikumbuka na mtendaji akiandika, na nina hakika yapo niliyoyasahau, pengine yaliyo muhimu kuliko yote. Wewe fungua faili la makabidhiano wiki ya kwanza, uliongezee kila mwezi, ili hata ukiugua ghafla mtaa usiugue nawe.

Mwishoni akaniomba funguo za ofisi. Nikamwangalia mke wangu, naye akaniangalia mimi. Mtaa wetu haukuwa na jengo. Ofisi, kwa muda wote ule, ilikuwa sebule yake, na mihuri ilikaa kwenye kabati la vyombo. Mke wangu akainuka, akatoa vikombe vyake kimoja kimoja, akampa mwenyekiti mpya mihuri, kisha akamuuliza mabenchi atayachukua leo au kesho.