Nani Ampangia Msimamizi Mshahara?

Tangu Soko la Hisa la Dar es Salaam lilipoanza kazi mwaka 1998, Watanzania wengi wa hali ya kawaida wamenunua hisa za mabenki na viwanda. Wengine ni wenye hisa pasipo kujua, maana fedha wanazokatwa kila mwezi kwa ajili ya uzee wao hutunzwa na mifuko ya pensheni, na mifuko hiyo hununua hisa. Kwa hiyo swali letu la leo haliwahusu matajiri peke yao: mtu aliyekabidhiwa mali ya watu wengi, ni nani ampangiaye mshahara?

Mwenye duka moja hana taabu. Amwona karani wake kila siku, ajua mauzo, naye humlipa ujira kwa kadiri ya kazi. Katika kampuni kubwa mambo ni mengine. Wenye mali ni maelfu, hawajuani, na wakaa mbali. Huchagua halmashauri ya wakurugenzi iwaangalilie mali yao. Halmashauri humwajiri mkuu wa kampuni na kumpangia malipo. Hapo ndipo penye hatari. Apangaye na apangiwaye hukaa meza moja, na fedha wanayoigawa si yao. Wahenga walisema kweli: fimbo ya mbali haiui nyoka.

Jambo hili si geni. Mwaka 1931 Papa Pius XI, katika barua yake Quadragesimo Anno, aliwalaumu wakurugenzi wa makampuni wanaosahau amana yao na kuwadhulumu watu waliowakabidhi akiba zao. Lawama yake ilikuwa juu ya uaminifu uliovunjwa.

Nchi ya Uswisi yatupa mfano wa kujifunzia. Mwezi Oktoba 2001 shirika lake la ndege, Swissair, liliishiwa fedha na ndege zake zikabaki chini. Mkuu wake wa mwisho alikuwa amekwisha kulipwa mapema mshahara wa miaka 5. Lakini Thomas Minder, mwenye kiwanda kidogo cha dawa za meno aliyekuwa akiliuzia shirika hilo bidhaa zake, nusura biashara yake ife. Mtu huyu hakuishia katika kunung'unika. Alikusanya sahihi zaidi ya 100,000, kama katiba ya nchi yake itakavyo, ili wananchi wenyewe waamue juu ya malipo ya wakubwa wa makampuni. Majuma machache kabla ya kura, ikajulikana kwamba mwenyekiti wa kampuni ya madawa ya Novartis, aliyekuwa akiondoka, angeweza kulipwa faranga milioni 72 kwa miaka 6 ili asiwafanyie kazi washindani. Watu walighadhibika, naye akaziacha. Tarehe 3 Machi 2013 wapiga kura 67.9 katika kila 100 waliitikia ndiyo.

Amri iliyotokana na kura hiyo ilianza tarehe 1 Januari 2014, kwa makampuni yenye hisa sokoni. Kwanza, kila mwaka wenye hisa hupiga kura ya kukata shauri juu ya malipo ya wakurugenzi na wakuu. Pili, wakurugenzi huchaguliwa mmoja mmoja, kwa mwaka mmoja tu. Tatu, malipo ya kuagana na mishahara ya kutangulizwa ni marufuku. Nne, mifuko ya pensheni yapaswa kupiga kura kwa manufaa ya wanachama na kuwaarifu ilivyopiga.

Je, ugonjwa umepona? La. Benki ya Credit Suisse, iliyoanzishwa mwaka 1856, ilikuwa chini ya masharti hayo kwa miaka 9, na wenye hisa wake walikutana kila mwaka. Hata hivyo mwezi Machi 2023 ilianguka, ikauzwa kwa benki ya UBS kwa faranga bilioni 3 hivi. Sheria yaweza kumpa mtu haki ya kupiga kura; haiwezi kumpa bidii ya kusoma hesabu kabla ya kupiga.

Tusije tukadhani kwamba kila mshahara mkubwa ni wizi. Msimamizi hodari na mwaminifu astahili ujira mwema. Waswisi hao hao, tarehe 24 Novemba 2013, walikataa sheria ya kuzuia mshahara wa mkubwa usizidi mara 12 ya ule wa mfanyakazi wa chini kabisa. Hawakutaka serikali ipime mshahara. Walitaka mwenye mali aupime. Lakini mwenye mali asipokuja kupima, nani atampimia?

Basi yatupasa kufanya nini? Mwenye hisa asome taarifa ya mwaka, atazame malipo ya wakubwa kando ya faida na kando ya ujira wa wafanyakazi. Asipoweza kwenda mkutanoni, amtume mwakilishi akiwa na maagizo, wala asitie sahihi karatasi tupu. Mfanyakazi awaulize wajumbe wake katika mfuko wa pensheni jinsi fedha yake inavyolindwa. Na mwanachama wa chama cha kuweka na kukopa asione haya kuuliza posho za viongozi, kwani kuuliza si kutukana.

Wazazi wawazoeze watoto desturi hiyo mapema. Mtoto atumwaye dukani arudishe chenji na kueleza alivyotumia, na baba atunzaye fedha ya ukoo awasomee ndugu zake hesabu kabla hawajamwuliza. Mali bila daftari hupotea bila habari.