Mfungulie Shemeji Cherehani Yake

Mdogo wangu wa Tanga, barua yako nimeisoma mara mbili. Shemeji, fundi cherehani wa miaka 46, alianza kugonga milango kwa bega, sokoni akawa anapamia watu wa pembeni, nawe ukadhani ameanza kulewa. Kliniki wakasema ni presha ya macho. Akapewa dawa ya matone, akatia miezi miwili, akaona hakuna tofauti, akaacha.

Hapo nina ugomvi naye. Matone yale hayarudishi nuru iliyokwisha kupotea. Kazi yake ni kushusha presha ndani ya jicho ili mshipa unaopeleka picha kwenye ubongo usiendelee kufa. Dawa ikifanya kazi vizuri, mgonjwa haoni tofauti yoyote, na hiyo ndiyo nafuu yenyewe! Jirani anayewaambia mkafanyiwe upasuaji "kama bibi yangu, sasa anaona" anasema habari za mtoto wa jicho, ambapo daktari hutoa lenzi iliyoingia ukungu na kuweka ya bandia. Huo ni ugonjwa mwingine.

Aina ya presha ya macho iliyo ya kawaida kwetu haiumi, na huanza kula pembeni. Ndiyo maana ya yale mabega. Basi atie tone kwa saa ileile kila siku, kisha afumbe jicho na abonyeze kona ya ndani, karibu na pua, dakika moja au mbili, dawa isikimbilie kooni. Ndugu zake wa tumbo moja wakapimwe, na wanenu pia, maana maradhi haya hutembea katika ukoo. Mkojo na maji ya majani, msithubutu kumtia machoni. Tone la dukani ambalo daktari hakuliandika nalo mliache. Mengine yana steroidi, na steroidi hupandisha presha hiyohiyo.

Sasa la nyumbani. Unasema umeifungia cherehani kabatini "asijitoboe". Mdogo wangu, hapo umemtoboa wewe. Mtolee. Mnunulie kile kijiwaya cha kutungia uzi, taa isogezwe ije kutoka nyuma ya bega, na kitambaa cheusi akichoree kwa chaki nyeupe. Mikono yake inakumbuka mshono kuliko macho. Noti muwekeane utaratibu wa kuzikunja: elfu kumi mara mbili, elfu tano mara moja, elfu mbili zikae wima, ili mteja asimdanganye. Wali umpakulie kwenye sahani ya rangi nzito auone. Mlango uwe wazi kabisa au umefungwa kabisa. Ule wa nusu ndio unaopasua paji la uso. Na stuli ikisogezwa, aambiwe.

Mkitoka, usimshike mkono ukamvuta. Yeye ndiye akushike juu ya kiwiko, atembee nyuma yako nusu hatua. Mimi hili nilifunzwa kituo cha daladala, na mzee asiyeona niliyekuwa namwahisha kwa wema wangu wote. Alisimama akaniambia, "Binti, mimi si mkokoteni." Mpaka leo nikikumbuka naona haya.

Tarehe ya kliniki imeshapita, najua, na shemeji anaogopa kugombezwa. Nendeni hivyohivyo, na kadi yake mkononi.