Kushusha Shokapu ya Nyuma ya Pikipiki na Afya ya Mgongo

Utangulizi

Pikipiki iliyobadilishwa kwa matakwa ya mwenyewe hutambulikana kwa umbo lake: kiti kiko chini, na sehemu ya nyuma imelala karibu na gurudumu. Mtindo huu ulikomaa Marekani. Huko kampuni ya Harley-Davidson iliweka shokapu za nyuma katika pikipiki zake kubwa mwaka 1958, kwa toleo lililoitwa Duo-Glide; hata hivyo wapo mafundi ambao hadi leo huunda pikipiki zisizo na shokapu za nyuma kwa ajili ya sura tu.

Si kila anayeshusha pikipiki hufuata urembo. Mtu mfupi, au mwenye maradhi ya nyonga au goti, huhitaji kukanyaga ardhi kwa miguu yote miwili anaposimama. Hitaji hilo ni la msingi, kwa kuwa pikipiki inayoanguka ikiwa imesimama inaweza kuvunja mguu. Somo hili linaeleza gharama ambayo mgongo hulipa, na namna ya kuipunguza.

Kazi ya shokapu

Springi hubeba uzito na kupokea mshtuko. Mafuta yaliyomo ndani ya shokapu huzuia springi isiendelee kurukaruka. Kinachomlinda mpandaji hasa ni umbali ambao shokapu inaweza kujibana kabla ya kugota. Ikiwa mwili ulioshuka sentimita 10 unasimamishwa ndani ya sentimita 8, nguvu ya kuusimamisha hugawanyika katika umbali huo. Umbali ukipunguzwa kuwa sentimita 4, wastani wa kasi ya kusimamishwa huwa maradufu. Barabara ni ileile na mwendo ni uleule, lakini mgongo hupokea pigo kubwa zaidi.

Njia tatu za kushusha

Njia ya kwanza ni kufunga shokapu fupi. Kwa kuwa umbali wa kujibana umepungua, springi yake hulazimika kuwa ngumu. Ikiwa laini mno, shokapu hugota kwenye kila shimo. Ikiwa ngumu mno, hata mitetemo midogo hupita moja kwa moja hadi kwenye kiti.

Njia ya pili ni kusogeza mahali shokapu inapofungwa upande wa chini, ili ilale zaidi. Springi ileile hubadilika nguvu yake kwenye gurudumu, na tairi hukaribia madigadi.

Njia ya tatu ni kulegeza mkazo wa awali wa springi. Haina gharama, lakini pikipiki huanza safari ikiwa tayari imezama, na nafasi iliyobaki kwa ajili ya mshtuko ni ndogo. Kwa desturi ya mafundi, mpandaji anapoketi, shokapu hutakiwa kuzama kati ya robo na theluthi ya umbali wake wote.

Kushusha nyuma peke yake pia huilaza zaidi fomu ya mbele, hivyo usukani huwa mzito kugeuza na taa humulika juu. Stendi ya pembeni huwa ndefu kupita kiasi, na pikipiki ikisimama wima mno huweza kuangukia upande wa pili. Katika kona, vikanyagio au eksozi hugusa lami mapema, jambo linaloweza kuinua tairi na kumwangusha mpandaji.

Mgongo unapokea nini

Mwili wa mtu aliyeketi hutikisika zaidi kwa mitetemo ya wima ya takriban mara 5 kwa sekunde. Katika kiwango hicho mwili hukuza mtetemo badala ya kuupunguza. Mitetemo ya muda mrefu huhusishwa na maumivu ya kiuno. Kwa sababu hiyo, agizo la Umoja wa Ulaya la mwaka 2002 kuhusu mitetemo kazini lilimtaka mwajiri kuchukua hatua mitetemo ya mwili mzima inapofikia 0.5 m/s² kwa siku ya kazi ya saa 8, na kuweka ukomo wa 1.15 m/s².

Mkao huongeza tatizo. Vikanyagio vinapowekwa mbele sana, nyonga huzunguka kuelekea nyuma na mkunjo wa kawaida wa kiuno hupotea. Mpandaji hawezi tena kujiinua kwa miguu anapoona tuta, hivyo uzito wote huangukia kifandugu na pingili za kiuno. Kwa mwenye mifupa dhaifu, pigo moja kali linaweza kuvunja pingili.

Kwa mhudumu wa afya

Mgonjwa mwenye maumivu ya kiuno akisema anaendesha pikipiki, aulizwe maswali manne: anaendesha saa ngapi kwa siku, je, shokapu au kiti vimebadilishwa, maumivu yalianza kabla au baada ya mabadiliko hayo, na je, hubeba abiria au mizigo. Swali la mwisho linamhusu sana dereva wa bodaboda: pikipiki yake, hata kama haijashushwa na fundi, hushushwa na uzito wa abiria wawili. Dawa ya maumivu peke yake haitamaliza tatizo ambalo mgonjwa hulikalia kila asubuhi.

Udhaifu wa miguu, ganzi katikati ya mapaja na sehemu za siri, au kushindwa kukojoa au kuzuia haja ni dalili za dharura. Mgonjwa apelekwe hospitali yenye uwezo wa upasuaji siku hiyohiyo.

Kwa mpandaji

Kabla ya kugusa shokapu, jaribu njia zisizopunguza umbali wake: viatu vyenye soli nene, kiti chembamba upande wa mbele ili miguu ishuke wima, au pikipiki yenye kiti cha chini tangu kiwandani. Usichonge sponji yote ya kiti, kwa kuwa nayo ni kinga.

Ikiwa kushusha ni lazima, shusha kidogo, na mbele ishuke kwa kiasi kinacholingana. Chagua springi inayolingana na uzito wako, pamoja na wa abiria ikiwa humbeba. Fundi apime nafasi ya tairi na madigadi shokapu ikiwa imejibana yote, afupishe stendi na kurekebisha taa.

Baada ya hapo, ipite barabara unayoizoea, polepole. Shokapu ikigota kwenye tuta ulilokuwa ukilivuka bila shida, pikipiki imeshuka mno. Irudishwe kwa fundi kabla ya mwenyewe kulazimika kwenda kwa daktari.