Kufundisha Upepo wa Ziwani: Somo la Jiografia kwa Shule za Mwambao wa Geita

Mwanafunzi wa Nkome au Chato hahitaji kuambiwa kwamba upepo una nguvu. Wavuvi wa dagaa huenda kazini usiku wa giza, na wengi wao ni wazazi na kaka zake. Hata hivyo, aghalabu tunamfundisha upepo kwa mifano ya bahari za mbali, tena tunamwachia imani kwamba setilaiti huona kila kitu. Imani hiyo yaweza kumponza. Katika makala haya tunapendekeza somo moja la kuisahihisha.

Shabaha. Mwanafunzi aweze kueleza jinsi setilaiti inavyopima upepo juu ya maji, na kwa nini mtabiri wa mwambao huhitaji zaidi ya kipimo hicho.

Vifaa. Beseni lenye rangi nyeusi, maji, tochi, bua la mpapai na karatasi nyeupe.

Hatua ya kwanza. Chumba kitiwe giza. Mwanafunzi amulike maji kwa mshazari, naye atazame kutoka palepale iliposhikwa tochi. Maji yakitulia ataona weusi, kwa kuwa mwanga umeruka upande wa pili kama kwenye kioo. Mwenziwe akipuliza kwa bua, vijiwimbi hurudisha vimeta vya mwanga. Mwalimu aeleze kwamba ndivyo ilivyo kazi ya setilaiti: hutuma mawimbi ya rada, kisha hupima kiasi kinachorudi. Upepo ukizidi, maji hukwaruzika zaidi na mwangwi huongezeka. Kwa kutazama mahali pamoja kutoka pembe mbalimbali, hukadiriwa pia mwelekeo wa upepo. Setilaiti ya Seasat ya Marekani ilifanya kazi hiyo mwaka 1978. Setilaiti za Ulaya za MetOp zilianza kurushwa mwaka 2006.

Hatua ya pili. Karatasi nyeupe iwekwe kwenye ukingo wa beseni. Weupe wake utavifunika vimeta vilivyo karibu nao. Nchi kavu nayo hurudisha mwangwi mkubwa kuliko maji, na kwa sababu hiyo vipimo vya karibu na pwani huharibika. Kumbe maji hayo ndiyo yenye mitumbwi mingi! Ghuba na visiwa vya upande wetu huzidisha ugumu huo.

Hatua ya tatu. Wanafunzi wachore mstari wa saa 24. MetOp hupita takribani saa 3.30 asubuhi na saa 3.30 usiku, wala si kila mara njia yake hufika juu ya ziwa letu. Waulizwe: dhoruba ikianza saa 8 usiku na kwisha saa 10 alfajiri, nani ataiona? Swali hili lina uzito, kwani mchana upepo huvuma kutoka ziwani kwenda nchi kavu, na usiku huvuma kutoka nchi kavu. Pepo hizo zikikutana juu ya maji, mawingu ya radi hujengeka.

Kutokana na hatua hizi, wanafunzi wenyewe wataorodhesha mahitaji ya mtabiri: vipimo vya karibu na ufuko, vya mara kwa mara, vinavyomfikia mapema, na vinavyolinganishwa na vipimo vya ardhini. Ndiyo maana Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutumia pia vituo vya ardhini na rada ya Mwanza, pamoja na picha za setilaiti zinazoonyesha mawingu.

Tathmini. Mwanafunzi ajibu: «Setilaiti ilipima upepo hafifu asubuhi, lakini redio yatoa tahadhari jioni. Je, mtumbwi uondoke?» Asisahihishwe kwa kusema «hapana» tu, aeleze sababu. Atakayeweza kuieleza sababu hiyo nyumbani, mbele ya baba yake, huyo ndiye aliyelielewa somo.