Darsa ya Ramadhani, Siku ya 12: Hakiki Kwanza, Ndipo Utoe Mzigo

Ndugu zangu, aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, Al-Baqarah 282, inahusu deni: liandikwe, na mashahidi wawepo. Basi kuhakiki si kumdhania mtu vibaya, ni kulinda haki ya pande zote mbili.

Wengi wetu sasa tunauza kanzu, tende na mabuibui kwa WhatsApp. Mteja akikutumia meseji au picha ya malipo, usitoe mzigo bado. Angalia salio lako mwenyewe. PIN usimpe mtu, hata akijiita huduma kwa wateja. Nawe muuzaji, weka picha ya bidhaa uliyonayo kweli, na kasoro yake uitaje.

Leo baada ya futari, mfundishe mmoja nyumbani anayeuza kwa simu. Allah atutakabalie saumu zetu. Amin.