Picha Sita, Majina Sita: Hesabu Iliyomo Katika Fumbo la Gazetini

Soweto ya Moshi na Soweto ya Johannesburg zina jina moja, na kwa watu wengi wa rika langu jina hilo liliingia masikioni pamoja na nyimbo za Sarafina!, filamu ya mwaka 1992. Ni filamu ya muziki. Wanafunzi wanaimba, wanacheza, wanaandamana, na nyuma ya nyimbo zao kuna maandamano ya kweli ya tarehe 16 Juni 1976, siku tunayoiadhimisha kila mwaka kama Siku ya Mtoto wa Afrika.

Nataka kuitumia filamu hii kufundishia hesabu. Magazeti na majumba ya sinema yameshirikiana tangu zamani: gazeti linachapisha fumbo, msomaji anakata kuponi, anayepatia anapata tiketi. Watu hushiriki, wachache hushinda, waliokosa husema ni bahati tu. Lakini bahati nayo ina hesabu yake, na hesabu hiyo haihitaji zaidi ya kujumlisha, kuzidisha na kugawanya, mradi tuende polepole.

Tutunge shindano letu wenyewe. Tuseme ukumbi mmoja mjini Moshi unataka kuionyesha upya Sarafina!, na gazeti moja limekubali kusaidia. Ukurasa una picha sita za waigizaji. Chini yake kuna majina sita ya wahusika, yamechanganywa: Sarafina, mwalimu Mary Masombuka, Angelina ambaye ni mama yake Sarafina, mkuu wa shule, konstebo Sabela, na kijana anayeitwa Crocodile. Kazi ya msomaji ni kuoanisha kila picha na jina lake. Watakaopatia zote sita wataingia kwenye droo.

Mtu ambaye hajawahi kuiona filamu hii, akijaza kwa kubahatisha, atapatia ngapi?

Tuanze na fumbo dogo kabisa, la picha mbili na majina mawili. Kuna namna mbili tu za kujaza: ama zote sawa, ama zote kosa. Mara moja unapata mbili, mara moja unapata sifuri. Wastani ni moja. Tuongeze picha ya tatu. Sasa namna za kujaza ni sita, kwa sababu picha ya kwanza ina majina matatu ya kuchagua, ya pili inabakiwa na mawili, ya mwisho inachukua lililobaki: 3 × 2 × 1. Ziandike zote sita kwenye karatasi uzihesabu. Moja ni sahihi kabisa. Tatu zina jibu moja tu lililo sawa. Mbili hazina hata moja. Jumla ya majibu sahihi ni 3 + 3 + 0, yaani 6, na ukigawanya kwa namna sita unapata moja tena.

Picha nne zinatoa namna 24. Kati ya hizo, 9 ni kosa tupu, 8 zina jibu moja sahihi, 6 zina mawili, na 1 ni sahihi yote. Jumla ya majibu sahihi: 8 + 12 + 4 = 24. Wastani ni moja kwa mara nyingine. Huenda umegundua pia kwamba hakuna namna inayotoa majibu matatu sahihi kati ya manne. Haiwezekani. Aliyepatia tatu amebakiwa na picha moja na jina moja, na hilo halina pa kwenda ila mahali pake. Msomaji anayelalamika kwamba alikosa moja tu katika fumbo la namna hii hajakumbuka vizuri.

Kwa nini wastani unang'ang'ania moja? Angalia picha moja peke yake na usahau zingine. Katika fumbo la picha sita, jina unaloiandikia lina nafasi moja kati ya sita ya kuwa sahihi. Picha hiyo basi inachangia sehemu moja ya sita ya jibu sahihi. Zipo picha sita, kila moja na mchango huo huo: sita mara moja ya sita ni moja. Zingekuwa picha mia, kila moja ingechangia moja ya mia, na mia mara moja ya mia ni moja vilevile. Ukubwa wa fumbo haumpi wala haumnyimi kitu anayebahatisha. Siku zote anategemea jibu moja. Mimi huona hili ni miongoni mwa matokeo mazuri sana katika hesabu ya uwezekano, na Mfaransa Pierre Rémond de Montmort alikuwa amekwisha kuchapisha kitabu chenye tatizo la aina hii, akilichambua kupitia mchezo wa karata, mwaka 1708.

Turudi kwenye ukurasa wetu. Picha sita zina namna 6 × 5 × 4 × 3 × 2 × 1, yaani 720. Kati ya hizo 265 hazina jibu sahihi hata moja, 264 zina moja, 135 zina mawili, 40 zina matatu, 15 zina manne, hakuna yenye matano, na moja tu ina sita. Zaidi ya theluthi ya wanaobahatisha wataambulia patupu. Lakini mwandaaji asijidanganye kwamba fumbo lake haliwezi kuvunjwa kwa bahati. Watu 1,000 wakijaza bila kujua lolote, uwezekano kwamba angalau mmoja wao atapatia zote sita ni karibu robo tatu.

Kwa kweli ni wachache wasiojua lolote. Hapo ndipo filamu ya muziki inapoonyesha nguvu yake, maana waimbaji wake hujulikana hata na wasioingia sinema. Miriam Makeba anajulikana Afrika nzima kwa sauti yake. Aliyecheza kama mama Angelina ni yeye. Msomaji anayeijua sura hiyo amepunguza namna za kujaza kutoka 720 hadi 120. Akimtambua Whoopi Goldberg kuwa ndiye mwalimu Masombuka, zinabaki 24. Akimjua Leleti Khumalo kuwa ndiye Sarafina mwenyewe, zinabaki 6. John Kani ni mkuu wa shule: zinabaki 2. Mbongeni Ngema, ambaye ndiye aliyeitunga Sarafina! kwanza kama tamthilia ya jukwaani, alicheza konstebo Sabela; sasa imebaki moja, na Dumisani Dlamini anakuwa Crocodile bila msomaji kulazimika kumjua.

Angalia hesabu hiyo inavyoshuka: 720, 120, 24, 6, 2, 1. Jambo la kwanza unalolijua linagawanya kwa sita, la pili kwa tano, la tatu kwa nne. Gazeti likitoa kidokezo kimoja kila siku kuanzia Jumatatu, kidokezo cha Jumatatu kinafuta namna 600 kwa mpigo, na cha Ijumaa kinafuta moja. Hata hivyo aliyekwama kwenye picha mbili za mwisho atanunua gazeti la Ijumaa kwa hamu kuliko la Jumatatu, kwa sababu ile namna moja inayofutwa inamtoa kwenye nusu kwa nusu na kumfikisha kwenye hakika. Waandaaji wazuri wanalijua hilo, na kidokezo kinachokata mzizi wa fitina hukiweka mwisho.

Kuna njia nyingine ya kukaza fumbo: kuongeza majina ya uongo. Picha sita na majina manane zinatoa 8 × 7 × 6 × 5 × 4 × 3, yaani namna 20,160. Mbahatishaji sasa anategemea robo tatu ya jibu badala ya moja kamili, na aliyejua tano hapewi ya sita bure. Bado ana majina matatu mbele yake. Fumbo ni chekeche, na mwandaaji ndiye anayechagua ukubwa wa matundu.

Matundu yakiwa mapana mno, kuna hatari. Mwaka 1937 nchini Marekani kampuni ya sigara za Old Gold iliendesha shindano la mafumbo ya picha kwa kutumia magazeti, zawadi ya kwanza ikiwa dola 100,000. Walioshiriki walifikia takriban milioni mbili. Mafumbo yalipokwisha, makumi ya maelfu ya watu walikuwa wamepatia yote na kufungana kileleni, ikabidi watungiwe mafumbo mengine, na mwishowe waandike insha. Mwaka uliofuata kampuni za filamu za nchi hiyo nazo zilitangaza chemsha bongo ya sinema yenye zawadi za jumla ya dola 250,000. Maswali yake yalihusu filamu zenyewe, ili atakaye kujibu kwanza akate tiketi akazione.

Kwetu njia ya kuwatenganisha waliofungana ni droo. Tuseme kuponi 4,000 zimepokelewa, 2,000 ni sahihi, na zawadi ni 20, kila moja tiketi mbili za shilingi 10,000 kila tiketi. Zawadi zote zina thamani ya shilingi 400,000. Igawe kwa kuponi 2,000: kila kuponi sahihi ina thamani ya wastani wa shilingi 200. Kama gazeti ni shilingi 1,000, anayelinunua kwa ajili ya kuponi peke yake ametoa elfu moja kupata mia mbili. Akinunua magazeti kumi, nafasi yake inapanda kutoka moja kwa mia hadi karibu kumi kwa mia, lakini ametumia shilingi 10,000, na kwa pesa hizo angekwenda dirishani akakata tiketi. Sasa unaelewa kwa nini masharti husema nakala za fotokopi hazikubaliki. Fotokopi ya bei ndogo ingeigeuza hesabu hiyo, na gazeti lisingeuza nakala ya ziada.

Sheria pia inaingia hapa. Mtu akilipa, bahati ikaamua, zawadi ikatolewa, hiyo ni bahati nasibu, na nchi nyingi huidhibiti. Hapa Tanzania kazi hiyo ni ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha chini ya sheria ya mwaka 2003, ndiyo maana katika droo za matangazo huwa tunamwona ofisa wa Bodi amesimama kando akishuhudia. Kanada mshindi aliyepatikana kwa droo huulizwa kwanza swali la hesabu, ili isemwe kwamba ujuzi nao umechangia.

Namna moja ya zawadi inahitaji uangalifu zaidi: picha zinazowekwa ndani ya gazeti, ukusanye seti nzima. Kama picha sita zimechapishwa kwa idadi sawa na kugawanywa ovyo, gazeti la kwanza lazima likupe picha mpya. La pili lina nafasi tano kati ya sita. Ukiendelea hivyo, wastani wa magazeti unayohitaji ni 6/6 + 6/5 + 6/4 + 6/3 + 6/2 + 6/1, yaani 14.7, na picha ya mwisho peke yake inakula sita kati ya hayo. Hiyo ni kama mwandaaji ametenda haki. Akichapisha Crocodile 20 tu katika nakala zote, washindi hawawezi kuzidi 20 hata watu wakusanye namna gani, na zile picha tano zingine hazina kazi ila kumfanya mnunuzi aone amekaribia. Swali la kumuuliza mwandaaji ni moja: iliyo adimu imechapishwa mara ngapi?

Na ukumbi wetu wa Moshi unapata nini? Tiketi 40 za maonyesho ya mchana siku ya kazi hazina gharama kubwa kwake, maana viti hivyo vingebaki wazi. Faida iko kwenye kuponi 3,980 zilizokosa zawadi. Nyuma ya kila moja yupo mtu aliyekaa na ukurasa, akatazama sura sita, akauliza nyumbani au kazini yule konstebo ni nani, akabishiwa, akafuta, akaandika upya. Tangazo la kawaida hutazamwa kwa kupitisha jicho. Hawa wamelifanyia kazi, na wengi wao walishakariri majina yote sita kabla droo haijachezeshwa.