MASHUA NA WAVU KATIKA BWAWA LA KIJIJI

Katika Machakos, Kitui na sehemu nyingine zenye ukame, mabwawa mengi ya udongo yalijengwa katika miaka ya 1940 na 1950 ili watu na mifugo wapate maji. Mwaka 1948 kituo cha kufuga samaki kilianzishwa Sagana, na wakulima wengi walianza kutia samaki katika mabwawa yao. Bwawa kama hilo laweza kutoa kitoweo kizuri, lakini ni lazima livuliwe, na anayevua kwa mashua ni lazima ajue kanuni zake.

Kwanza, mfahamu samaki wako. Perege huzaa upesi sana. Jike la aina zinazofugwa zaidi hubeba mayai kinywani mpaka yaanguliwe, na watoto wake wakiona hatari hukimbilia humo humo. Kwa hiyo wengi hupona. Bwawa lisipovuliwa, samaki huzidi chakula na kudumaa, kama vile ng'ombe wengi katika malisho madogo. Ukipata perege wafupi kama kiganja, nao wana mayai, usiseme, "Tuwaache wakue." Hao ni wazima tayari, ila wana njaa. Dawa yake ni kuwapunguza kwa kuvua mara kwa mara. Yafaa pia kumwuliza Bwana Samaki kama kambare, ambaye hula perege wadogo, atafaa katika bwawa lenu.

Usivue kwa kumwaga dawa ya shamba majini. Maji hayo ndiyo mnayokunywa, na samaki hao watakwenda mezani kwako.

Sasa tutazame mashua. Watu husema, "Bwawa hili ni dogo, naona ng'ambo." Lakini upana wa maji si kitu. Karibu na ukuta wa bwawa maji huwa na kina kirefu, na chini ni tope. Basi shikeni mambo haya:

1. Kagueni mashua ikiwa nchi kavu. Zibeni nyufa. Chukueni makasia mawili na kopo la kutolea maji.

2. Msijaze mashua. Mkiisha keti nyote pamoja na wavu, ubao wa juu uwe shubiri moja au zaidi juu ya maji. Ukiwa chini ya hapo, mmoja ashuke.

3. Kila mtu avae jaketi la kuokolea maisha, hata kama ajua kuogelea. Vueni buti za mpira, kwani zikijaa maji humzuia mtu kuogelea.

4. Vuteni wavu mkiwa mmeketi au mmepiga magoti. Mmoja avute, mwingine aitulize mashua kwa kasia. Msifunge kamba ya wavu mkononi.

5. Nendeni asubuhi, mrudi kabla ya upepo wa alasiri. Mkisikia ngurumo, rudini mara moja.

6. Mashua ikipinduka, ishikeni wala msiiache. Mashua ya mbao huelea hata ikijaa maji.

Nanyi mlio ukingoni, mkiona mtu anazama, msimrukie. Mfa maji haachi kutapatapa. Atamshika mwokozi wake na wote wawili watazama. Mtupieni mtungi mtupu wa plastiki wa lita 20, uliofungwa kifuniko barabara na kutiwa kamba ndefu, kisha mvuteni. Mtungi huo uwekwe karibu na bwawa siku zote, usichukuliwe kwa kazi nyingine.

Mwisho, kamati ya bwawa ipange siku za kuvua, na makasia yafungiwe nyumbani kwa mtu mzima, ili watoto wasiichukue mashua wakati hakuna mtu. Kama bwawa lenu halijavuliwa kwa muda mrefu, mwendeeni Bwana Samaki wa kaunti yenu kabla ya kununua wavu. Atawaambia ni wavu wa matundu gani unaofaa, na ni aina gani zimekatazwa na sheria.